Kwani homa ya 1918 ilikuja na treni?

SWALI: Habari yako mhariri, mimi ni mtu wa boda hapa Kondele, Kisumu. Marehemu nyanya yangu alikuwa anasema babake alirudi kutoka Kariakor, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Mwingereza, mzima kabisa, vita ya Mjerumani haikumgusa hata na risasi moja, alafu homa ikammaliza kwa wiki moja tu. Sasa mimi nikisikia homa naona makamasi na tembe mbili za duka. Ilikuwa homa gani hiyo, na mbona wanaiita ya Uhispania?

JIBU: Ndugu yangu, nyanya hakuwa anatunga. Hiyo ni influenza, si haya mafua yetu ya kupenga kamasi. Ilishuka Mombasa na meli mwezi wa 9 mwaka wa 1918, ikapanda treni kama abiria wengine, na reli siku hizo ilikuwa inaishia wapi kama si hapo kwenu ziwani? Wapagazi nao ndio walikuwa wanarudi makwao, wamekonda, wamechoka, na mwaka wenyewe ulikuwa wa njaa. Watafiti wanakadiria hapa Kenya ilibeba watu kama 150,000, na dunia nzima milioni 50 hivi, yaani ilishinda vita yenyewe.

Kilichoshtua watu ni kwamba ilipenda wenye nguvu, wa miaka 20 hadi 40, rika la huyo babu. Wengi walimalizwa na nimonia iliyofuata nyuma, na penisilini haikuwa imegunduliwa, hiyo ni 1928.

Uhispania imeonewa tu. Haikuwa vitani kwa hivyo magazeti yake yaliandika wazi, hata mfalme wao Alfonso XIII akiugua, huku waliokuwa vitani wakificha, na wagonjwa wa kwanza wanaojulikana walikuwa kambi ya jeshi huko Kansas, Marekani, mwezi wa 3.

Pengine utauliza, ingezuiwa? Angalia Samoa, visiwa vya bahari ya Pasifiki. Upande wa Wamarekani gavana alifunga bandari, hakufa hata mmoja. Jirani zao chini ya New Zealand waliachia meli ya Talune itie nanga na wagonjwa ndani, mtu mmoja kati ya watano akazikwa. Visiwa viko karibu hivi!

Hebu uliza wazee wenu kama wanajua babu alishukia stesheni gani, utuandikie.