Betri na jenereta kwenye kivuko kidogo

Kaka, umeuliza kama haibridi, yaani mota ya umeme yenye betri inayochajiwa na jenereta ya dizeli, inafaa kwa kivuko kidogo cha mtoni kama Mto Malagarasi. Inafaa, lakini usihesabu safari tu. Dizeli nyingi hupotea kivuko kikiwa kimegandamizwa ukingoni, injini inanguruma na pangaboi linasukuma ili lango lisiachie ukingo wakati gari linapanda. Hapo mota ya umeme inaweza kutumia kilowati 5 hadi 10 tu.

Mfano: kuvuka dakika 12 kwa wastani wa kilowati 50 ni kilowati-saa (kWh) 10. Betri ya kWh 100, ukiitumia kati ya asilimia 80 na 30 ya chaji, inakupa safari tano. Jenereta ya kilowati 60 inarudisha chaji hiyo kwa saa moja hivi, kwa lita kama 14 za dizeli. Usinunue jenereta kubwa zaidi "kwa usalama": ikizunguka muda mrefu chini ya asilimia 30 ya mzigo, injini inajaa masizi na kula oili.

Chagua betri za aina ya lithiamu chuma fosfeti. Chumba cha betri kisizidi nyuzi 40, kwa hiyo feni na kivuli, na kiwe mbali na bomba la moshi. Na tafadhali, weka kipima uvujaji wa umeme. Maji ya sentina, yale yanayokusanyika chini kabisa ya chombo, hayana adabu.