Tikal: mji mkubwa usio na mto

SWALI: Huwa nawafundisha wanafunzi kwamba miji ya kale ilianzia kandokando ya mito. Mmoja akaniuliza kuhusu Tikal, mji wa kale wa Wamaya, wenyeji wa Amerika ya Kati, ambao kwenye ramani hauna mto wala ziwa jirani. Kwa nini walijenga pale, na walikunywa maji gani?
Mwalimu wa jiografia, Singida

JIBU: Mwalimu, mwanafunzi huyo mpongeze kwa niaba yangu. Tikal iko Petén, kaskazini mwa Guatemala, katikati ya msitu mnene. Ziwa la Petén Itzá liko kusini-magharibi, mwendo wa kutwa kwa miguu. Mvua ni nyingi, karibu milimita 1,900 kwa mwaka, ila mwamba wa pale ni wa chokaa: maji huzama na kupotelea chini mno. Kisha kuanzia Januari hivi hadi Mei mvua huadimika.

Walichokipata ni mahali pa juu. Mji umekaa kwenye migongo ya vilima, na ubavuni kuna mbuga za udongo wa mfinyanzi zinazofurika masika. Gumegume, jiwe gumu la kuchongea visu na mashoka lilikuwepo tele. Tena pale ni karibu na mgawanyo wa maji, mito ya magharibi ikielekea Ghuba ya Mexico na ya mashariki Bahari ya Karibi, hivyo mizigo ya biashara ilipita mikononi mwao.

Kuhusu maji, mimi niliyefanya kazi ya malambo maisha yangu yote nawavulia kofia. Viwanja vya mbele ya mahekalu walivipiga lipu ya chokaa na kuviinamisha kidogo, mvua yote ikateremka kwenye malambo. Bonde lililokuwa kati ya vilima walilifunga kwa tuta la mawe na udongo lenye urefu wa mita 80 na kimo cha mita 10 hivi. Lambo moja, liitwalo Corriental, lilikuwa na chujio la mchanga wa kwatzi na madini ya zeolaiti, madini ambayo hata leo hutumika kusafishia maji. Yadhaniwa waliyabeba kutoka umbali wa kilomita 30 hivi. Huo ni mzigo wa mgongoni. Hawakuwa na punda wala ng'ombe.

Makumi ya maelfu ya watu waliishi kwa mpango huo. Lakini katika karne ya 9 ukame ulizidi, na malambo ya karibu na ikulu yakaingiwa na zebaki, inayodhaniwa kutoka kwenye rangi nyekundu waliyopaka majengo, pamoja na vijimea vyenye sumu. Jiwe lao la mwisho la kumbukumbu lililochongwa tarehe ni la mwaka 869.

Darasani, tumia ramani yenye kontua, yaani mistari inayoonesha mwinuko. Waambie wanafunzi watafute kwanza mwinuko, kisha mbuga, halafu wakuoneshe wao wenyewe wangeziba wapi.