Maili mia kwa siku moja: nawajibu mlioandika kuhusu mbio ndefu za farasi

Mara ya mwisho niligusia Tevis Cup, mbio za farasi za maili 100 (kilomita 160) katika milima ya California, Marekani. Sikudhani zingewagusa watu wengi namna hii. Haya, tujibizane.

Shikamoo mwandishi. Aliyeanzisha jambo hili ni nani, na alitaka nini? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba. Ni Wendell Robie, mfanyabiashara wa mbao wa mji wa Auburn. Alichotaka, kama inavyosimuliwa, ni kushinda ubishi tu. Wenzake walidai farasi wa siku hizi ni goigoi, hawafui dafu mbele ya wale wa zamani. Robie akasema yeye atatoka Ziwa Tahoe hadi Auburn ndani ya siku moja. Agosti 1955 akamtandika Bandos, dume wake wa Kiarabu, wakaondoka Tahoe City yeye na wenzake wachache. Walitumia saa 22 na dakika 45.

Watu wangapi hushinda ubishi wakaenda zao kulala! Robie alirudia mwaka uliofuata, akaita na wengine, na safari ya kubishana ikageuka mashindano ya kila mwaka. Kikombe chenyewe kilikuja 1959, kikatolewa na Will Tevis kwa kumkumbuka babu yake, Lloyd Tevis, aliyewahi kuwa mkuu wa kampuni ya benki ya Wells Fargo.

Kabla ya hapo hakukuwa na mbio ndefu? (Msomaji, Nakuru)

Zilikuwepo, ila zilikuwa za wanajeshi, na nyingine zinatia uchungu kusoma. Mwaka 1892 maofisa wa Ujerumani na wa Austria-Hungary walishindana kati ya Berlin na Vienna, karibu kilomita 580. Mshindi alifika kabla ya siku tatu kutimia. Farasi wengi walikufa.

Marekani, kuanzia 1919, kulikuwa na majaribio ya maili 300 kwa siku tano, shabaha ikiwa kupata farasi wa jeshi. Hao walikuwa na akili zaidi: mbali na kasi, waliangalia pia hali ya farasi anapofika.

Sasa waandaaji walizuiaje farasi wasife njiani? Maili mia si mchezo. (Msomaji, Iringa)

Hapa ndipo penye kazi hasa ya waandaaji. Kuchora njia na kutafuta kikombe ni mambo madogo. Kubwa ni kumpa daktari wa mifugo mamlaka ya kumwambia tajiri mwenye farasi ghali, mbele za watu, “Wewe safari yako imeishia hapa.”

Njiani kuna vituo. Farasi akiingia hupimwa mapigo ya moyo. Akiwa ametulia zizini moyo hupiga mara 30 hadi 40 kwa dakika. Akitoka mlimani unakimbia mno, kwa hiyo husubiriwa ushuke, na katika mashindano mengi leo kikomo ni kama 60 hadi 64. Usiposhuka kwa muda uliowekwa, haendelei. Daktari hufinya ngozi ya shingo kuona kama maji yamepungua mwilini, hutazama ufizi, husikiliza tumbo kama linanguruma, kisha farasi hukimbizwa mbio za polepole aonekane kama anachechemea. Hata ukiwa wa kwanza kuvuka mstari wa mwisho, farasi akikutwa anachechemea huna chako.

Tangu 1964 kuna na Haggin Cup, ya farasi mwenye hali bora kati ya kumi wa mwanzo. Mimi ningeichukua hiyo kuliko ile ya kwanza. Na kila anayemaliza ndani ya saa 24 akiwa na farasi mzima hupata bizimu ya fedha ya mkanda.

Wanawake wanaruhusiwa? (Msomaji, Mombasa)

Wanashindana na wanaume bega kwa bega. Drucilla Barner alishinda 1961.

Na punda wetu wa Lamu je? (Msomaji, Lamu)

Punda sijui kama atawahi saa 24, usinikasirikie. Lakini nyumbu ameshawahi: mwaka 1974 Haggin Cup ilikwenda kwa nyumbu. Nasema nyumbu mtoto wa punda na farasi, si yule wa Serengeti.

Huku Ghuba mbio hizi ni kubwa sana. Zilifikaje? (Msomaji, Muscat)

Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Roma 1986, na 1998 yakaja Dubai. Farasi wa Kiarabu alikuwa anarudi kwao, maana tangu Bandos yeye ndiye anayetamba. Ila jangwa ni tambarare, farasi huachiwa shoti, na mifupa huvunjika. Mwaka 2015 shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, lilisimamisha shirikisho la Falme za Kiarabu kwa sababu ya hali ya farasi.

Ni kweli kuna mtu aliyekimbia bila farasi? (Msomaji, Dodoma)

Kweli kabisa. Gordy Ainsleigh alitolewa kwenye Tevis Cup mwaka 1973 kwa kuwa farasi wake alichechemea. Drucilla Barner, yule niliyemtaja, akamtia moyo aende kwa miguu. Mwaka 1974 akapanga mstari pamoja na farasi, akafika Auburn kwa saa 23 na dakika 42. Leo njia ile ina mbio zake za watu, Western States, na anayemaliza kabla ya saa 24 hupewa bizimu ya fedha vilevile.