Mti wa maua ya tarumbeta unalala kila mvua ikinyesha

Swali: Bwana shamba, habari za kazi? Nina mti wa maua ya tarumbeta, yale ya manjano yanayoning'inia, mbele ya nyumba hapa Jinja. Umepita kimo cha mlango. Kila mvua kubwa ikinyesha unalala, na safari hii tawi moja limepasuka. Nimeufunga kwa waya kwenye nguzo ya kalitusi, lakini wapi! Nifanyeje?

Jibu: Njema, dada. Kwanza toa huo waya leo hii. Shina la tarumbeta ni laini. Waya unalikata gome, na upepo ukija litavunjikia hapo hapo penye kidonda.

Nguzo peke yake haitoshi, maana shida iko juu. Majani mapana na maua yakilowa huwa mazito, huku udongo uliolowa umelegea na haushiki mizizi vizuri. Na kama unamwaga samadi ya kuku kila mara, kama wengi wetu, matawi yanarefuka kabla ya kukomaa. Punguza.

Kisha kata. Tazama shina kuu linapogawanyika mara ya kwanza, kama panda ya manati. Maua hutoka juu ya panda hiyo, kwa hiyo fupisha matawi yaliyo juu yake. Ukikata chini yake, shina litachipua, ila utangoja mpaka ligawanyike tena ndipo uone maua. Kata Februari na Agosti, kabla ya mvua za Machi na Septemba, hata kama roho inauma.

Nguzo ziwe mbili, huku na huku, mbali kidogo na shina zisichome mizizi, zizame futi mbili. Kalitusi isiyotiwa dawa italiwa na mchwa, tafuta nguzo za mti wa lusambya. Fungia mpira wa tyubu kuukuu ya baiskeli, ukiupitisha kwa umbo la nane kati ya shina na nguzo. Wapi pa kufunga? Lishike shina chini, upandishe mkono polepole. Pale ambapo sehemu ya juu inasimama yenyewe, ndipo hapo. Usipande zaidi. Shina linaloyumba kidogo hunenepa, lililobanwa hubaki jembamba.

Tawi lililopasuka usilifunge, likate chini ya ufa. Kipande kilichokomaa cha futi moja ukikichomeka kwenye udongo wenye unyevu, kwa kawaida kinashika.

Vaa glavu. Mti huu wote ni sumu, na utomvu ukiingia jichoni mboni hupanuka. Matawi uliyokata usiwatupie mbuzi.