Muziki wa Baroki: anza na besi, hayo maneno mengine yatakuja

Mkuu umesema mwalimu wa kwaya kawapa orodha ya maneno ya Baroki mkariri, kontinuo, fyugu, trili, na hayajakaa kichwani. Yasingekaa. Anza na besi. Mi nimepiga kinanda kanisani miaka mingi na hili nilichelewa sana kulielewa.

Huo ni muziki wa Ulaya kuanzia kama 1600 mpaka 1750, mwaka aliofariki mtunzi Bach. Siku moja nikapewa nota za wakati huo, naangalia mkono wa kulia haujaandikiwa kitu, kuna mstari wa besi tu na chini yake namba, 6, 7, 4 3. Nikajua ni za vidole, nikaenda nazo hivyohivyo mpaka nikafika kwenye 6 nikakwama. Mzee aliyepiga kinanda pale kabla yangu ndo akanikalisha. Namba inahesabiwa toka nota ya besi kwenda juu. Kwa sol-fa zetu (d r m f s l t), besi iko m, chini kuna 6, hesabu m f s l t d, ya sita ni d, na ya tatu yake, s, unaiweka hata kama haijaandikwa, umepata m s d. Pasipo na namba unaweka ya 3 na ya 5. Basi hiyo ndo kontinuo: selo, ile violini kubwa ya sauti nzito, linashika besi, wa hapsikodi (kinanda cha zamani cha waya) au kinanda anajaza kodi, yaani nota kadhaa kwa pamoja, papo hapo, na besi haiachi kutembea.

Fyugu mnaijua tayari kwa masikio. Haleluya ya mtunzi Handel, ipo ndani ya Messiah aliyoandika 1741, pale "atatawala milele na milele" sauti ya nne (besi) wanaingia kwanza, inafuata ya tatu, ya pili, halafu ya kwanza, wote na wimbo uleule. Sio fyugu nzima ila inaanza namna hiyo. Kwetu tulikuwa tunapaharibu hapo, kila sauti inaingia na kelele kuliko iliyotangulia, kumbe ukishamaliza kuutoa ule wimbo unashusha ili mwenzako asikike.

Trili ni nota na jirani yake wa juu zikipokezana harakaharaka, na nyingi za wakati ule zinaanza na hiyo ya juu. Na hapsikodi ubonyeze kwa nguvu au taratibu sauti karibu ni ileile, waya unadonolewa, haugongwi na nyundo kama piano, kwa hiyo sauti kubwa na ndogo zilikuja sana kwa kuongeza na kupunguza wapigaji. Waimbaji na violini walikuwa huru kuongeza na kupunguza nguvu ya sauti, msije mkaimba kama mbao.

Jioni kaa na kinanda upige besi peke yake, halafu ujaribu hii 4 3 juu ya d: piga d f s, kisha f ishuke iwe m, nyingine zisisogee.