Litiamu haifyonzwi, huchomekwa

Mwalimu mmoja wa kemia ameniandikia hivi: "Maelezo ya somo niliyonayo yanasema kwamba betri ya simu inapochajiwa, grafiti hufyonza litiamu. Wanafunzi wakaniuliza: ikishafyonzwa, inatokaje tena? Je, kosa ni la sayansi au ni la neno?"

Kosa ni la neno, mwalimu wangu, na wanafunzi wako wamekisikia Kiswahili vizuri kuliko aliyeyaandika maelezo hayo. Hili neno fyonza limenikera kwa miaka mingi, kwa kuwa limegeuzwa gunia la kutilia kila kitu kinachoingia ndani ya kingine: mara soko la ajira linafyonza wahitimu, mara ukuta unafyonza sauti, na sasa grafiti nayo imeanza kufyonza. Kufyonza ni kuvuta kitu cha majimaji, kwa mdomo au kwa kitu chenye vitundu, na kilichofyonzwa hakirudi kilivyokuwa. Kupe akishaifyonza damu ya ng'ombe, hakuna anayeitarajia irejee mshipani. Betri uhai wake ni kurejea huko huko, kwani litiamu isipotoka simu haiwaki, na ikishatoka ni lazima iweze kuingia tena, mara mamia na mamia.

Tuitazame grafiti yenyewe, ambayo jina lake limetokana na neno la Kigiriki la kuandika, kama lile la litiamu lilivyotokana na neno la jiwe. Ni matabaka ya kaboni yaliyolaliana kama kurasa, na kati ya tabaka na tabaka pana nanomita 0.335 tu (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Babu yangu alikuwa na duka, na daftari lake la madeni ndilo grafiti ninayoielewa kuliko zote. Kila karatasi ya deni aliichomeka kati ya kurasa mbili, akiipitisha ukingoni, kwa sababu hakuna karatasi inayopita katikati ya ukurasa mzima bila kuutoboa. Kadiri alivyochomeka ndivyo daftari lilivyotuna. Mteja akilipa, babu alichomoa karatasi yake, na daftari likanywea, kurasa zikiwa zile zile. Litiamu hufanya hivyo hivyo: ioni zake, yaani atomi zenye chaji ya umeme, huingilia kingoni, huyasukuma matabaka mawili jirani yakaachana hadi nanomita 0.370, na grafiti iliyojaa, yenye atomi moja ya litiamu kwa kila atomi sita za kaboni, hutuna kwa takriban asilimia 10. Tena huingia kwa utaratibu ambao babu hakuwa nao, kwani hujaza nafasi moja na kuruka nyingine, na ndipo baadaye zilizorukwa nazo hujazwa. Elektrodi ya grafiti, yaani ule upande wa betri unaoipokea litiamu, iliyokuwa nyeusi huwa nyekundu, na ikijaa kabisa hung'aa rangi ya dhahabu. Kitu kilichofyonzwa hakijipangi namna hiyo.

Neno tunalolitafuta tumezaliwa nalo. Kiswahili kina jozi za vitenzi vya kuweka na kuondoa: anika na anua, funika na funua, bandika na bandua, chomeka na chomoa. Hiyo -eka ya chomeka si ile ya someka, yaani kuweza kusomwa. Kazi yake ni kukiweka kitu mahali, na -oa hukiondoa pale pale kilipowekwa. Fyonza haina mwenzake wa kuiondolea, ndiyo maana wanafunzi wako walikwama.

Sarufi hapa inakwenda bega kwa bega na fizikia. Wakati wa kuchaji, litiamu huchomekwa, kwa kauli ya kutendwa, kwa kuwa chaja ndiyo inayotoa nguvu ya kuiingiza. Wakati wa kutumia simu huchomoka, kwa hiari yake, na elektroni zake zinazopita katika waya ndizo zinazoiwasha simu. Ukichaji kwa pupa, au penye baridi kali, litiamu isiyowahi kuingia hujibandika juu ya grafiti ikawa metali, na sehemu yake haibanduki tena. Mwenye neno fyonza peke yake ataielezaje tofauti hiyo, ambayo ndiyo inayoua betri?

Fyonza nimeiachia kazi moja humo ndani: utando unaozitenganisha elektrodi mbili hufyonza elektroliti, ambamo ioni husafiri, nayo ni majimaji, kwa hiyo hapo sina ugomvi. Kwingine kote waandikie wanafunzi wako chomeka, chomoka, uchomekaji na uchomokaji. Wapo watakaosema kwamba chomeka ni neno la chaja na soketi ya ukutani. Ni hilo hilo, na ninafurahi kwamba wanafunzi wanalo tayari: mkono unachomeka plagi ukutani, na chaja inachomeka litiamu ndani ya grafiti.