Kabla hujasema shingo imenyooka, kagua kamera

Wiki hii kumeingia ujumbe wa mwanafunzi wa fiziotherapia mwenye picha mbili za dada mmoja, zote za ubavuni. Katika ya kwanza, pembe ya kichwa na shingo inasoma digrii 46, na katika ya pili, baada ya wiki 4 za mazoezi, digrii 51. Anauliza kama aandike kwenye ripoti kuwa mazoezi yamefanya kazi. Asiandike. Picha ya kwanza ilipigwa usawa wa bega, ya pili mpigaji alikuwa amekaa kitini na simu ikawa usawa wa kiuno. Hilo pekee linatosha kuzaa digrii 5.

Kwa wasioijua pembe hii: ni mstari unaotoka kwenye kile kinundu kidogo mbele ya tundu la sikio hadi pingili (kifupa cha uti wa mgongo) ya 7 ya shingo, ukipimwa dhidi ya mlalo unaopita kwenye pingili hiyo. Pembe ikipungua, kichwa kimetangulia mbele. Wengi huweka mpaka kwenye 48 au 50, lakini huo ni mpaka wa makubaliano tu. Hakuna ugonjwa unaoanzia digrii 47.

Sasa kamera. Kinundu cha sikio kiko kama sentimita 7 karibu zaidi na lenzi kuliko pingili, kwa sababu pingili iko katikati ya mwili na sikio liko pembeni. Kilicho karibu na lenzi huonekana kikubwa na husukumwa mbali na kitovu cha picha. Chukua mtu ambaye pembe yake halisi ni 50, kamera ikiwa mita 1 kutoka kwake na sentimita 40 chini ya pingili: picha itasoma karibu 56. Irudishe kamera mita 3 bila kuipandisha, itasoma 52. Ipandishe hadi kitovu cha picha kikae juu ya pingili yenyewe, kosa hili linaisha, maana sikio husukumwa kwa kufuata mstari uleule unaoupima. Kwa hiyo: stendi ya miguu mitatu, mita 3, lenzi usawa wa pingili ya 7, na urefu huo upimwe upya kwa kila mtu. Ndiyo, kwa kila mtu, hata kama foleni ni ndefu.

Kamera iliyolala upande digrii 2 huongeza au hupunguza digrii 2 zilezile kwenye jibu. Dawa yake fundi ujenzi yeyote anayo: timazi. Ning'iniza uzi wenye kitu kizito kwenye dari, uonekane ndani ya picha pembeni ya mtu, kisha upime pembe dhidi ya uzi huo badala ya kuamini ukingo wa picha. Mwili uliogeuka nao hudanganya, na hudanganya kwa kupendeza: mtu wa digrii 50 akigeuka kidogo kuelekea kamera, atasoma zaidi ya 50. Chora nyayo zake kwenye karatasi ya manila siku ya kwanza na utumie karatasi hiyohiyo siku ya kurudi.

Kidole kinachotafuta pingili nacho ni chanzo kikubwa cha makosa. Pingili iliyochomoza kuliko zote mara nyingi ni ya 7, lakini si daima. Huweza kuwa ya 6, au ya kwanza ya kifua. Weka vidole viwili juu ya mbili zinazochomoza, kisha mwambie ainue uso taratibu kutazama dari. Ya 6 huteleza mbele na kupotea chini ya kidole, ya 7 hubaki. Kutoka pingili hadi sikio ni kama sentimita 15, hivyo kibandiko unachoweka kuonyesha pingili kikihama sentimita 1 nje ya mstari, umekosea karibu digrii 4. Kibandiko bapa hakionekani kutoka ubavuni, kwa hiyo tumia ushanga au kipande cha sponji kwa selotepu ya pande mbili, ngozi ikiwa imefutwa jasho kwa spiriti, na usome pale kinapogusa ngozi, si kwenye ncha yake. Usibandike juu ya nguo wala hijabu, kwa kuwa kitambaa huteleza shingo inaposogea. Andaa chumba cha faragha na mpimaji wa kike. Nywele za kusuka zifungwe juu.

Halafu mdomo. Ukimwambia mtu "simama vizuri," umeshaharibu kipimo, kwa sababu atakuonyesha mkao wa gwaride. Mwambie atikise kichwa juu na chini, kwa mwendo unaopungua, mpaka kitulie pale anapojisikia sawa, akitazama alama ya ukutani usawa wa macho yake. Piga picha 3, atembee hatua chache kati ya moja na nyingine, uchukue wastani. Kusoma pembe, programu ya kompyuta iitwayo Kinovea ni ya bure na inatosha. Mwenzako abadilishe majina ya faili ili usijue ipi ni ya kabla na ipi ya baada. Jicho linalotarajia mafanikio huyaona.

Hayo yote yakifanyika bado kuna kosa, na ni lazima ulijue kwa namba. Pima watu 20 au zaidi mara mbili, siku tofauti, bila tiba yoyote katikati, vibandiko vikibanduliwa na kubandikwa upya. Toa kipimo cha pili kwenye cha kwanza kwa kila mtu, tafuta mchepuko sanifu wa tofauti hizo (kipimo cha jinsi zinavyotawanyika), zidisha kwa 1.96. Mchepuko ukiwa 2.2, badiliko lolote chini ya digrii 4.3 ni kelele za kipimo tu. Ukiwa 3, mpaka unapanda hadi 5.9, na zile digrii 5 za yule dada zinamezwa hata kama kamera ingekaa sawa.

Picha zake mbili zina fremu ya mlango kwa nyuma. Fremu hiyo inaweza kutumika kama timazi kusahihisha ulalo wa simu, ikiwa fundi aliijenga wima. Urefu wa kamera hausahihishwi hivyo. Ile ya kabla ya mazoezi haiwezi tena kurudiwa, kwa hiyo hesabu ianze upya na picha ya leo.